Wimbi la Maji na Wimbi la Shamba: Elektroni, Shaba na Mto Mubuku

Katika ukurasa huu tumezoea kujadili ngeli, methali na historia ya lahaja. Safari hii tunaomba ruhusa tuingie nyumba ya jirani, yaani fizikia, na kilichotupeleka huko ni neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe ni wimbi. Kamusi zetu huliingiza mara mbili, kama homonimu. Wimbi la kwanza ni lile la bahari na ziwa, linaloinuka na kushuka. Wimbi la pili ni nafaka, zile punje ndogo za rangi ya udongo ambazo wengine huziita ulezi na ambazo husagwa kuwa unga wa uji. Ukimtajia mtu wa Mombasa wimbi bila maelezo atageuka kutazama maji. Mama muuza nafaka katika soko la bara atageuka kutazama gunia. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa umbo tu. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mia moja hivi wanafizikia wamekuwa wakihangaika na kitu ambacho ni mawimbi yote mawili kwa pamoja: kinafika kama punje, lakini kinasafiri kama wimbi la maji. Kitu hicho ni elektroni.

Tuna sababu nyingine ya kuandika. Huku magharibi mwa Uganda, Kiswahili kinajulikana kama lugha ya mpakani Mpondwe, lugha ya askari, lugha ya biashara na ya migodi ya Kilembe enzi zake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mwanafunzi akitoka katika somo letu kwenda maabara, Kiswahili hukiacha mlangoni. Tunaambiwa, mara nyingine na walimu wenzetu, kwamba sayansi ngumu haisemeki kwa lugha hii. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, kwa hiyo hoja ya kukosa istilahi imechakaa. Hebu tujaribu na jambo gumu kweli kweli, halafu msomaji ahukumu mwenyewe.

Tuanze na maji, maana Mubuku hayakosekani. Mto huu unashuka kutoka milima ya Rwenzori, unapokea maji ya Bujuku njiani, na kabla haujafika Ziwa George umekwisha kuzungusha mitambo ya umeme mara tatu. Mtambo wa kwanza ulijengwa kwa ajili ya migodi ya Kilembe. Ule wa Bugoye, wenye megawati 13, ulianza kazi mwaka 2009. Wa tatu ulijengwa na kampuni ya kobalti ya Kasese, ambayo tutairudia. Huko uwandani upo mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1960, wenye mifereji na milango ya kugawia maji mashambani.

Tuchukue bwawa dogo la maji yaliyotulia, lililozuiwa kwa ukuta wenye mwanya mmoja mwembamba. Tupa jiwe. Mawimbi yatakwenda hadi ukutani, na yale yatakayopita mwanyani hayatatoka upande wa pili kama mkanda ulionyooka. Yatatanuka pande zote kama kipepeo cha ukindu kinachofunguliwa. Kupinda huku kwa mawimbi yakipita upenyoni ndiko kunakoitwa difraksheni. Liko sharti moja ambalo tunaomba msomaji alishike, kwani ndilo lililowachelewesha wataalamu kwa miaka mingi: mwanya usiwe mpana mno kuliko urefu wa wimbi lenyewe, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele. Mwanya ukiwa mpana sana, wimbi linapita moja kwa moja kana kwamba ukuta haupo.

Sasa toboa mwanya wa pili karibu na wa kwanza. Vipepeo viwili vitafunguka na kuingiliana. Kilele kikikutana na kilele, maji yanapanda maradufu. Kilele kikikutana na bonde, vyote viwili vinafutana na maji yanatulia. Ukisimama ng'ambo ya bwawa utaona hapa maji yanaruka, hatua moja pembeni yamenyamaza, hatua nyingine yanaruka tena. Huo ndio mwingiliano wa mawimbi. Kwa upande mwingine, chukua wimbi la shambani, kausha bwawa, na urushe punje konzi kwa konzi kuelekea mianya ileile miwili. Utapata marundo mawili, kila moja nyuma ya mwanya wake. Punje hazijui kufutana. Punje moja kuongeza punje moja ni punje mbili daima.

Tofauti hiyo ndiyo iliyotumika kumaliza ugomvi juu ya nuru. Newton aliiona nuru kuwa chembe, Huygens akaiona kuwa mawimbi, na kati ya mwaka 1801 na 1807 Mwingereza Thomas Young akaonyesha kwamba nuru ikipitishwa njia mbili hutoa mistari ya mwanga na giza kwa zamu, kama maji yetu ya bwawani. Nuru ikahesabiwa kuwa wimbi. Mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge alipoigundua elektroni, hakukuwa na ubishi wa aina hiyo. Elektroni ilikuwa na uzito, ilikuwa na chaji, iliweza kusukumwa kwa sumaku. Ilikuwa punje, basi.

Aliyevuruga mambo ni kijana wa Kifaransa wa ukoo wa makabaila, Louis de Broglie, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi katika kituo cha redio cha Mnara wa Eiffel. Katika tasnifu yake ya mwaka 1924 alisema hivi: Einstein amekwisha kuonyesha kwamba nuru, iliyo wimbi, ina tabia ya punje; kwa nini basi punje isiwe na tabia ya wimbi? Akatoa na kanuni yake. Kadiri kitu kinavyokuwa kizito na chenye kasi, ndivyo wimbi lake linavyokuwa fupi. Watahini walibaki wakitazamana, na Paul Langevin akampelekea Einstein nakala, naye akaisifu.

Msomaji atauliza: mbona hatuoni vitu vikipinda milangoni? Tupige hesabu. Lori la saruji la tani 20 likitoka Hima kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde lina wimbi ambalo urefu wake kwa mita huandikwa kwa sufuri 38 baada ya nukta ndipo tarakimu ya kwanza itokee. Hakuna mwanya duniani wa kulifaa wimbi hilo, na kwa hiyo dereva hana haja ya kuogopa kupita pande mbili za mti kwa wakati mmoja. Lakini elektroni ni nyepesi mno. Ikisukumwa kwa volti 54 tu, wimbi lake ni nanomita 0.167, na hicho ndicho kimo cha nafasi zilizopo kati ya atomu ndani ya madini.

Uthibitisho ulikuja kwa ajali. Clinton Davisson na mwenzake Lester Germer walikuwa New York, katika maabara ya kampuni ya simu, wakirushia elektroni kipande cha nikeli ndani ya ombwe. Mwezi wa Aprili 1925 chupa ya hewa iliyopozwa hadi ikawa majimaji ililipuka, bomba la ombwe likavunjika, na nikeli iliyokuwa ya moto ikashika kutu ya hewa. Waliisafisha kwa kuichoma kwa muda mrefu, na ule moto ukaziunganisha fuwele nyingi ndogo kuwa chache kubwa. Waliporudia kazi yao, elektroni hazikutawanyika tena kama zamani. Zilirundikana katika pembe fulani na kuzikwepa nyingine. Davisson hakuelewa hadi alipokwenda Oxford mwaka 1926, akamsikia Mjerumani Max Born akiyataja matokeo yake yeye Davisson kama dalili ya mawimbi ya de Broglie. Mwaka 1927 wakapima wimbi lenyewe kwa volti 54: walipata nanomita 0.165, karibu sawasawa na kanuni. Mwaka huohuo, huko Aberdeen, G. P. Thomson na mwanafunzi wake Alexander Reid wakapitisha elektroni katika utando mwembamba na kupata duara za difraksheni. Huyo Thomson ni mwana wa yule wa Cambridge. Baba alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi iliyoonyesha elektroni ni punje. Mwana akapewa, pamoja na Davisson, mwaka 1937 kwa kuonyesha kwamba ni wimbi. Tunapenda kuamini kwamba mazungumzo ya chakula cha jioni katika nyumba ile hayakuchosha.

Haya yote yalifanyika kwa kutumia fuwele, yaani mianya iliyotengenezwa na maumbile. Mianya miwili iliyotobolewa na binadamu, kama ya bwawa letu, haikuwapo. Sababu ni lile sharti tulilotaja. Miaka ya 1950 ikaisha, vitabu vikawa vinaeleza jaribio la mianya miwili ya elektroni kama jambo la kuwazia tu. Mmarekani Richard Feynman, alipolieleza kwa ufasaha mkubwa katika mihadhara yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaambia wanafunzi wasijisumbue kulijaribu, kwani vipimo vyake ni vidogo kupita uwezo.

Wakati huo lilikuwa limekwisha kufanyika. Mwaka 1961 Claus Jönsson, mwanafunzi wa udaktari katika chuo kikuu cha Tübingen, Ujerumani, alichapisha matokeo yake. Na hapa ndipo Kasese inapoingia, kwa sababu mianya ya Jönsson ilikuwa ya shaba.

Mwaka 1961 shaba ndiyo iliyokuwa roho ya mji wa Kasese. Reli ilifika huko mwaka 1956, na mwaka huo Kilembe ikaanza kutoa madini kwa wingi. Yalishushwa kutoka mlimani, yakasafirishwa kwa treni kuvuka nchi nzima hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Hatudai kwamba shaba ya Tübingen ilitoka Kilembe. Aliyoitumia isingejaza ncha ya kijiko. Tunachotaka kukionyesha ni ufundi wenyewe, maana wenyeji wa Kasese wanaufahamu zaidi ya wanavyodhani. Jönsson alichukua kioo, akakipaka utando wa fedha. Kwa kutumia elektroni zenyewe akachora juu yake mistari myembamba ya uchafu usiopitisha umeme. Kisha akatandaza shaba juu ya kioo kwa njia ya umeme, ndani ya maji yenye chumvi za shaba. Shaba ikashika kila mahali isipokuwa kwenye ile mistari. Alipoibandua, akabaki na karatasi ya shaba yenye mianya mitupu: upana mikromita 0.3, urefu mikromita 50, na kutoka mwanya hadi mwanya mikromita 1. Alitengeneza yenye mwanya mmoja, miwili, mitatu, minne na mitano.

Sasa, kuanzia 1999 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya kobalti ya Kasese ilifanya kazi ya jamii hiyohiyo, kwa tani. Iliyachukua mabaki yaliyoachwa na migodi ya Kilembe, ikayayeyusha kwa msaada wa bakteria, kisha kwa umeme wa Mubuku ikaitandaza kobalti juu ya mabamba na kuibandua. Mfanyakazi aliyekuwa akibandua kobalti pale kiwandani angeielewa hatua ya mwisho ya Jönsson bila mkalimani.

Elektroni za Jönsson zilisukumwa kwa volti 50,000, na wimbi lake lilikuwa nanomita 0.0054. Kwa mianya iliyotengana mikromita 1, mistari ya mwingiliano inatengana kwa pembe ndogo mno hivi kwamba, ukiiacha isafiri kilomita nzima, itakuwa imeachana kwa milimita 5 tu. Hakuwa na kilomita. Alitumia lenzi za umeme kuikuza. Mistari ikatokea, mweupe na mweusi kwa zamu. Makala yake, iliyoandikwa kwa Kijerumani, haikusomwa na wengi hadi ilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1974. Miaka 13 ya kungojea tafsiri! Watu wa idara za lugha tunaruhusiwa kulitia alama ya mshangao jambo hilo. Mwaka 2002 wasomaji wa jarida la Physics World walipoulizwa ni jaribio gani la fizikia lililo zuri kuliko yote, walilichagua la mianya miwili ya elektroni mojamoja.

Mojamoja: hapo ndipo penye fumbo. Mtu angeweza kusema kwamba elektroni nyingi zikipita pamoja husukumana na kutengeneza mistari, kama watu kwenye lango la soko siku ya gulio. Mwaka 1974 Merli, Missiroli na Pozzi wa Bologna, na mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi, walizipunguza elektroni hadi ikawa moja inafika kabla ya nyingine kuondoka. Badala ya mianya walitumia uzi mwembamba wenye umeme unaoigawa njia pande mbili. Kila elektroni ilitua kwenye kiwambo kama nukta moja, punje moja ya wimbi kwenye ungo. Punje kumi hazionyeshi kitu. Punje mia, bado. Zikifika maelfu, mistari inajitokeza: hapa zimejaa, hapa hakuna hata moja, hapa zimejaa tena. Mwaka 2013 kikundi cha chuo kikuu cha Nebraska kiliifanya kwa mianya miwili halisi yenye upana wa nanomita 62, chenye kifuniko cha kusogezwa kuziba mmoja au mwingine. Ukiziba mmoja, mistari inapotea. Elektroni iliyopita peke yake inaonekana kana kwamba inajua kama mlango wa pili uko wazi.

Maelezo ni yale ya Born, ya mwaka 1926: kinachopita mianya yote miwili ni wimbi la uwezekano, na punje inatua pale wimbi hilo linaporuhusu. Ukiweka mlinzi wa kuangalia elektroni imepita mlango gani, kweli atakuambia, lakini mistari itafutika na utabaki na marundo mawili ya nafaka. Maji ya Mubuku hayana tabia hiyo. Unaweza kuyatazama kutwa, nayo yataendelea kuingiliana. Mfano wetu wa bwawa unaishia hapo.

Je, wimbi hili lina faida gani kwa mtu wa Bwera? Inabidi turudi nyuma kidogo, hadi Berlin, mwaka 1931, ambako Max Knoll na Ernst Ruska walitengeneza hadubini inayotumia elektroni badala ya nuru. Hadubini ya kawaida ina mpaka usiovukika: haiwezi kutenganisha vitu vidogo kuliko nanomita 200 hivi, kwa kuwa wimbi la nuru lina urefu wa nanomita 400 hadi 700. Ruska alikuwa akiichukulia elektroni kuwa punje tu. Aliposimuliwa juu ya de Broglie alivunjika moyo, akidhani mpaka umemfuata. Kisha akapiga hesabu, akaona wimbi la elektroni ni fupi kuliko la nuru mara laki moja hivi, akatulia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, akiwa mzee.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, huko Zaire, mahali ambapo tusipachanganye na Mubuku yetu ingawa majina yanakaribiana. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Frederick Murphy, katika maabara ya Atlanta, aliweka sampuli kwenye hadubini ya elektroni akaona uzi uliojikunja, wenye unene wa nanomita 80. Hakuna nuru ambayo ingeweza kuuonyesha. Uzi huo ukaitwa Ebola, kwa jina la mto.

Uliufikia mpaka wetu tarehe 11 Juni 2019, Uganda ilipothibitisha mgonjwa wa kwanza wa mlipuko uliokuwa ukiendelea Kivu Kaskazini tangu Agosti 2018. Familia ilikuwa imevuka kutoka Kongo, ikatafuta matibabu katika hospitali ya Kagando, na wagonjwa wakahamishiwa Bwera. Vipimo vya Entebbe vilitafuta vinasaba vya kirusi, si picha yake. Hadubini ya elektroni haikuhitajika usiku ule. Lakini hakuna aliyekuwa na shaka juu ya umbo la kitu kinachotafutwa. Maelfu ya wahudumu wa afya walikuwa wamechanjwa kabla, na hakuna aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Mwezi wa Agosti mgonjwa mwingine kutoka Kongo aligunduliwa pale pale Mpondwe wakati wa ukaguzi.

Mwanafunzi akitaka kuviweka vipimo hivi kichwani, mwalimu na achore ubaoni mwanya mmoja wa shaba wa Jönsson, wa nanomita 300, kisha alaze ndani yake virusi vya Ebola ubavu kwa ubavu. Vitaenea vitatu, na nafasi kidogo itabaki. Wimbi la elektroni lililopita humo halitachoreka: kwa unene wa kirusi kimoja, yangepangwa karibu elfu kumi na tano.